Chungwa la Muheza

Umeme ulikatika saa moja na nusu usiku, mtoto wa kaka yangu akiwa katikati ya zoezi la hesabu. Yuko kidato cha pili, anaishi kwangu hapa Muheza kwa sababu ya shule, na ni mtoto ambaye taa ikizimika daftari lake limeshafungwa. Nikawasha tochi ya simu nikamwambia alifungue tena. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: andika umbali wa Jua kutoka duniani kwa namba sanifu. Umbali ni kilomita milioni 150. Yeye alikuwa ameongeza sifuri moja.

"Hapa umelichukua Jua ukalipeleka aliko Zohali," nikamwambia.

"Si sifuri moja tu, shangazi!"

Jibu hilo liliniudhi kwa sababu za kikazi. Mimi ni mtu wa maabara, zaidi ya miaka ishirini sasa nasoma slaidi za damu, na sifuri moja kwenye hesabu ya vimelea ndiyo tofauti ya mgonjwa anayerudi nyumbani na vidonge vyake na mgonjwa anayetafutiwa kitanda. Lakini nilipotaka kumweleza ukubwa wa kosa lake nikajikuta sina maneno. Milioni 150, milioni 1,500: sikioni zote mbili ni "mbali sana". Sifuri ni karani mvivu, kila jambo analiandika kwa mwandiko ule ule.

Barazani palikuwa na tenga la machungwa. Msimu ulikuwa umekolea, na anayeijua Muheza anajua maana yake: basi likisimama barabara ya Segera, machungwa yanakufikia kabla ya bodaboda. Nikachagua kubwa kuliko yote, nikalipima kwa tepu ya ushonaji. Sentimita 9 upana.

"Hili ndilo Jua," nikasema. "Haya, tutafute dunia iko wapi."

Hesabu tulizifanya kwenye simu, betri ikiwa asilimia kumi na tatu. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.39. Likishakuwa chungwa la sentimita 9, dunia inabaki chembe isiyofika milimita moja, mchanga wa kawaida tu wa kujengea, na mahali pake ni mita 9.7 kutoka kwenye chungwa. Tukahesabu hatua, tukaishia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mwezi ukakaa sentimita mbili na nusu kutoka kwenye chembe ile. Safari zote za Apollo za kwenda mwezini, 1968 hadi 1972, na roketi zile zilizotikisa ardhi, ziliishia hapo: kwenye nafasi ambayo vidole viwili ukivilaza pamoja vinaizidi.

Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni punje ya njugumawe, na ikaangukia mita 50, kwenye genge la jirani. Zohali mita 93, ng'ambo ya barabara. Hapo kijana akasimama, akageuka kuliangalia chungwa barazani, ambalo kwa tochi ya simu lilikuwa halionekani tena, na nadhani ndipo alipoielewa sifuri yake. Neptuni, punje ndogo ya pilipili manga, iko mita 290, karibu na msikiti. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977, mwaka waliooana wazazi wangu, kinakwenda kilomita 17 kila sekunde bila kupumzika. Kwenye kipimo chetu cha chungwa kimefika kilomita moja na mita mia sita hivi. Hata stendi kingekuwa kimeipita kidogo tu.

"Sasa chungwa la pili," nikamwambia. "Nyota ya jirani. Tuliweke wapi?"

Akasema Tanga mjini. Akafikiri kidogo, akaongeza: Dar.

Simu ikatoa kilomita 2,600 na ushei. Ukiupiga mstari huo kutoka hapa kwenda kusini unafika Johannesburg. Na huko hakuna chungwa moja. Kuna mawili yanayozungukana, na tunda dogo la tatu kama zabibu limejitenga kidogo, likiwa karibu nasi zaidi. Ndio mfumo wa Alpha Centauri, na hiyo zabibu inaitwa Proxima. Kutoka baraza langu hadi Johannesburg, ukiondoa vipande vya barafu na vumbi jepesi sana, hakuna kitu. Fikiria nchi zote hizo zilizo katikati, mito na milima yake na watu wake, zifute, ubakize chungwa huku na machungwa kule.

Kijana alishangaa umbali. Mimi kilichonikalisha chini ni mwendo wa nuru. Nuru inakwenda kilomita 299,792 kwa sekunde na hakuna kinachoipita. Ukiipunguza kwa kipimo kile kile cha chungwa, inabaki sentimita 2 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa sisimizi. Sisimizi akitoka kwenye chungwa sasa hivi, akanyoosha njia bila kusimama kwenye sukari ya mtu, anafika kwenye chembe yetu ya mchanga baada ya dakika 8 na sekunde 20. Kwenye pilipili manga ya msikitini anafika baada ya saa nne na dakika kumi. Johannesburg anaingia baada ya miaka minne na miezi mitatu. Maneno "mwaka wa nuru", yaani umbali ambao nuru inakwenda kwa mwaka mmoja, nimeyasikia tangu sekondari, na siku zote nuru nilikuwa naiona kama kitu kinachofika papo hapo. Usiku ule niliiona inatambaa.

Umeme ulikuwa haujarudi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba hii hakuna aliyeulalamikia. Upande wa kusini lile kundi la nyota liitwalo Msalaba lilikuwa limesimama, na pembeni yake zile nyota mbili kali. Ile inayong'aa zaidi ndiyo Alpha Centauri yenyewe. Nikamwonyesha: machungwa yetu ya Johannesburg yale pale.

Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, hakikuwepo. Mwezi wa saba hukipati mpaka alfajiri. Bibi yangu mzaa baba alikijua kuliko anavyoijua simu mtoto wa leo, na alikuwa na msemo wa wazee wa pwani: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina lenyewe linatokana na kulima. Kiko miaka ya nuru kama 440 kutoka hapa, maana yake sisimizi anayeingia machoni mwako alfajiri hii alianza kutambaa Wareno wakiwa bado hawajaweka jiwe la Fort Jesus kule Mombasa. Ujenzi ule ulianza 1593.

Baada ya Kilimia chungwa halifai tena. Njia Nyeupe, ule utepe wa nuru uliopita juu ya paa langu, ni galaksi, mkusanyiko mkubwa wa nyota, yenye upana wa miaka ya nuru kama 100,000, na ukiipima kwa chungwa letu inatoka kilomita milioni 61. Mfano umekuwa mgumu kuliko kinachofananishwa. Ikabidi tuanze upya: galaksi yote ilale juu ya Tanzania, kutoka Tanga hadi Kigoma, kilomita elfu moja na kidogo. Sasa Jua na sayari zake zote mpaka Neptuni vinakaa juu ya ukucha wa kidole kidogo. Sisi na ukucha wetu tuko huko Kiteto, kwa kuwa Jua liko miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovu cha galaksi. Proxima iko mita 42. Kilimia ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Nuru inasonga mita 10 kwa mwaka, yaani hata konokono anaicheka.

Halafu nayo hii ikakataa, maana galaksi ya Andromeda, ambayo kwenye anga la giza unaweza kuiona kwa macho kama doa la ukungu upande wa kaskazini, iko miaka ya nuru milioni 2.5, na kwa kipimo cha Tanga na Kigoma hiyo ni zaidi ya nusu ya mzunguko wa dunia. Tukaikunja mara ya tatu. Njia Nyeupe iwe chapati, sentimita 25. Andromeda sasa ni chapati nyingine, mita 6 kutoka hapa, upande wa pili wa sebule kwa wenye sebule kubwa. Na ulimwengu wote unaoonekana, miaka ya nuru bilioni 93 kutoka ukingo hadi ukingo, ni tufe lenye upana wa kilomita 230 hivi. Kubwa, lakini basi la Tanga hadi Dar linakwenda mbali zaidi ya hapo.

Nisimame hapa, kwa sababu jambo hili sikuliona kwenye kitabu chochote nilichosomeshwa, nami naona ndilo jambo lenyewe. Nyota zenye upana wa sentimita 9 zimeachana kilomita 2,600. Hiyo ni mara milioni 29 ya upana wake. Galaksi zenye upana wa sentimita 25 zimeachana mita 6, mara 25 tu. Kwa hiyo ulimwengu hauna utupu wa namna moja. Kwenye ngazi ya nyota ni jangwa la kutisha. Ukipanda ngazi moja, kwenye galaksi, ni mtaa wa kawaida ambapo nyumba zinaonana. Ndiyo maana galaksi hugongana, na zinapogongana nyota zake hupishana bila kugusana. Tunapoambiwa ulimwengu ni mkubwa tunadhani ukubwa unakua sawasawa, kama ngazi yenye vipago vilivyopimwa. Wapi. Kuna mahali kipago kimoja ni shibiri na kinachofuata ni kisima.

Kuhusu ukingo wa hizo bilioni 93, nilimweleza haraka maana alikuwa anapiga miayo. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na mtu angetegemea tuone miaka ya nuru bilioni 13.8 kila upande, basi. Lakini njia yenyewe inavutika. Sisimizi anatembea juu ya mpira unaovutwa: yeye ametambaa miaka bilioni 13.8, na mahali alipotokea pamesogea nyuma yake mpaka pako miaka ya nuru bilioni 46. Zaidi ya hapo ni kama bahari ya Tanga ukiwa ufukweni. Upeo ni wa macho yako, maji yanaendelea.

Akaniuliza swali moja kabla ya kulala, na nililipenda kuliko yote: "Shangazi, nani alikwenda kupima?"

Hakuna aliyekwenda. Kwa nyota za jirani wanatumia ujanja wa kufumba jicho moja kisha jingine ukiwa umenyoosha kidole: kidole kinaruka. Dunia ikizunguka Jua inakupa macho mawili yaliyoachana kilomita milioni 300, na mwaka 1838 Friedrich Bessel aliweza kwa njia hiyo kupima umbali wa nyota moja. Ila mruko huo kwa nyota za mbali unakuwa mdogo mno, na hapo kwa miaka mingi elimu ya falaki ilikwama.

Nimekulia Tanga, karibu na bahari. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa hutoka na karabai, na ukikaa ufukweni unaona taa zimetapakaa majini. Taa hafifu inaweza kuwa karabai iliyo mbali, au kibatari kilicho karibu. Huwezi kujua. Hivyo ndivyo wanafalaki walivyokuwa wakizitazama nyota. Walihitaji taa ambayo ingesema yenyewe: mimi nina nguvu kiasi hiki.

Aliyeipata alikuwa mwanamke wa kazi kama yangu. Henrietta Leavitt aliajiriwa na kituo cha falaki cha Harvard kusoma vioo. Picha za anga enzi hizo zilipigwa kwenye vioo, na kwenye kioo nyota hutokea kama vitone vyeusi juu ya weupe. Kazi yake ilikuwa kukaa na lenzi mkononi, kioo baada ya kioo, akitafuta vitone vilivyobadilika ukubwa kati ya usiku mmoja na mwingine, na malipo yalikuwa senti 30 kwa saa. Nikisoma habari zake shingo yangu inauma yenyewe. Vioo alivyokuwa navyo vilipigwa Arequipa, Peru, kwa sababu Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu, hayaonekani Harvard. Sisi huku tunayaona upande wa kusini, miezi ya Novemba hadi Januari, kama vipande viwili vya wingu vilivyosahau kuondoka.

Ndani ya Wingu Dogo Leavitt alikuta nyota zinazopanda na kushuka mwanga kwa mpigo maalumu, nyingine kwa siku chache, nyingine kwa miezi. Mwaka 1912 alichapisha hesabu ya nyota 25 kati ya hizo: iliyo kali zaidi ndiyo inayopiga polepole zaidi. Na kwa kuwa zote zimo ndani ya wingu moja, umbali wao kwetu ni kama mmoja, hivyo tofauti ya ukali ni tofauti ya kweli. Karabai zikawa zimepata majina. Ukiona nyota ya namna hiyo popote, hesabu mpigo wake, utajua nguvu yake, utajua iko wapi. Alikufa kwa saratani mwaka 1921. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akiwa Mount Wilson huko Kalifornia, akaiona taa kama hiyo ndani ya Andromeda, akatumia kanuni ya Leavitt, na doa lile la ukungu likatoka nje ya Njia Nyeupe na kuwa galaksi kamili. Namba yake ilikuwa pungufu, maana taa hizo ziko za aina mbili na hilo halikujulikana mpaka miaka ya hamsini, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Mtu aliyeutengeneza ufunguo hakuwahi kuuona ukiwa wazi.

Asubuhi nilikuwa kazini saa moja na nusu, macho mazito.

Safari ya kushuka chini mimi huifanya kila siku kwa mshahara. Hadubini yangu inakuza mara 1,000. Kwa kipimo hicho chembe nyekundu ya damu, ambayo ni maikromita 7 na nusu, inakuwa milimita 7 na nusu, ukubwa wa punje ya kunde. Kimelea cha malaria kikiwa bado kichanga ni pete ndogo ndani ya kunde hiyo, hakifiki theluthi ya upana wake. Na ili tusijidanganye juu ya neno "mara 1,000": mtoto wa kaka yangu ukimkuza hivyo anakuwa na urefu wa kilomita 1.6. Ndani ya mlima huo mimi natafuta pete.

Lakini kitu cha chini kabisa ninachokiona kila siku si malaria. Ni mtikisiko. Weka tone la mkojo au la choo kilichochanganywa na maji chini ya hadubini, utaona vijitakataka vinatetemeka. Kila mwanafunzi anayekuja kwa mafunzo ya vitendo, wiki ya kwanza lazima aite: "Mama, njoo, kinatembea!" Nami nafika, natazama, narudia niliyofundishwa chuoni: kutikisika si kutembea. Mdudu aliye hai anatoka hapa anakwenda pale. Hicho kinacheza papo hapo, hakina uhai wowote, kiache.

Mtu wa kwanza kulichunguza jambo hilo kwa makini alikuwa Robert Brown, mtaalamu wa mimea, mwaka 1827. Aliona chembe zilizotoka kwenye chavua zinatetemeka majini, akadhani ni uhai. Halafu akasaga vitu visivyo na uhai kabisa, mpaka kipande cha jiwe la Sphinx ya Misri, na navyo vikatetemeka. Maelezo yakangoja hadi 1905, Albert Einstein alipoonyesha kwa hesabu kwamba ni molekuli za maji zinazokipiga kijitakataka kila upande bila kulingana, na Jean Perrin huko Paris akaja kuithibitisha kwa kazi ambayo mtu wa maabara yeyote angeivulia kofia. Alichukua utomvu mkavu wa mti, akausugua majini, akazitenga punje zake kwa mashine ya kuzungusha mpaka akapata punje ndogo zenye ukubwa mmoja, akaziweka majini, akaanza kuhesabu kwa hadubini: ngazi hii ziko ngapi, ngazi ya juu kidogo ngapi. Hupungua kadiri unavyopanda, kama hewa inavyopungua mlimani. Kutokana na kupungua huko akapata uzito wa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Alipewa Nobel mwaka 1926. Kabla yake walikuwepo wanasayansi wenye heshima zao waliokataa kwamba atomu zipo.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniita kuniambia kinatembea, anachokiona kweli ni atomu zikigonga mlango. Siku hizi nawaambia.

Idadi yake sasa. Tone moja la maji, lile la kudondoka kutoka kwenye bomba bovu, lina molekuli kama 1,670,000,000,000,000,000,000. Sifuri tena, yule karani. Basi tuseme hivi: ukizihesabu moja kila sekunde, bila kulala, utahitaji umri wote wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, kisha uurudie zaidi ya mara 3,800.

Hadubini yangu haiwezi kuiona hata moja, wala kamwe haitaweza, hata ungeninunulia ya bei ya gari. Tatizo ni nuru yenyewe. Wimbi la bahari likipita kwenye nguzo ya gati linaacha alama nyuma yake. Likipita kwenye kijiti cha mshikaki halijui kama limepishana na kitu. Mawimbi ya nuru ni mapana kuliko atomu mara elfu kadhaa, na chini ya sehemu mbili za kumi za maikromita hayaoni tena. Kirusi cha korona, chenye sehemu moja ya kumi hivi, tayari ni kijiti cha mshikaki.

Ndani ya atomu waliingia kwa kupiga risasi gizani. Mwaka 1909 huko Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, huyu wa pili akiwa mwanafunzi wa miaka 20, walielekeza chembe ndogo zenye chaji kwenye bati jembamba mno la dhahabu. Karibu zote zikapita kama hakuna kitu. Chache sana zikarudi nyuma. Ernest Rutherford akalitafakari hilo, na mwaka 1911 akatangaza kwamba karibu uzito wote wa atomu umekusanyika kwenye kiini kidogo cha kushangaza. Ichukue atomu ya haidrojeni uikuze hadi iwe na upana wa mita 100, ijae uwanja wa Mkwakwani kutoka goli hadi goli. Kiini chake ni punje ya ulezi pale katikati mpira unapoanzia.

Na uwanja wote uliobaki? Kuna elektroni moja. Watu husema utupu, lakini elektroni haikai kona fulani kama nzi ukutani. Imeenea. Iliki ikichemka jikoni kwako, kama huku kwetu chini ya milima ya Amani inakolimwa, huwezi kusema harufu iko chumba gani. Iko nyumba nzima, mahali pengine imekolea, pengine imefifia. Harufu hiyo ndiyo inayolizuia chungwa lisizame ndani ya meza.

Tazama basi nafasi zinavyochezacheza. Atomu kwa atomu, ndani ya kijiko au mfupa, zimebanana bega kwa bega, kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Ingia ndani ya abiria mmoja: ulezi katikati ya uwanja wa mpira. Kule juu galaksi zinaonana sebuleni, nyota zinatafutana Muheza hadi Johannesburg. Ni kisima kile kile, mara juu, mara chini.

Chini ya hapo nitapita haraka, kwa kuwa mifano yangu inaisha. Ndani ya punje ya ulezi kuna chembe ziitwazo kwaki, na hazijawahi kuonekana kuwa na upana wowote unaopimika. Mtambo wa kuzichungulia, ulio CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, uko ndani ya handaki lenye mzunguko wa kilomita 27. Kadiri unachokitafuta kinavyopungua, ndivyo hadubini inavyonenepa. Wanafizikia wana pia urefu wa kinadharia ulio mdogo kuliko yote, urefu wa Planck, na siku moja kwa udadisi tu nilikokotoa ni kitu gani kilicho katikati kabisa: kinachouzidi urefu huo mara zile zile ambazo ulimwengu unaoonekana unakizidi chenyewe. Nikapata milimita 0.12. Nilidhani nitakuta mtu. Ni yai la mwanamke.

Jioni ile umeme ulikuwepo, kijana anatazama mpira. Nilimwita mara moja tu, nimwonyeshe tarehe.

Tarehe 23 Februari 1987, siku ya Jumatatu. Ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, miaka ya nuru kama 168,000 kutoka hapa, nyota moja ilikuwa imelipuka kitambo, na habari zake zikawa ndiyo kwanza zinafika duniani. Nuru ya mlipuko ilionekana baadaye. Kilichotangulia ni nyutrino, chembe nyepesi kuliko karibu zote tunazozijua, ambazo hupita ndani ya sayari nzima kama upepo kwenye wavu. Chini ya mlima huko Kamioka, Japani, kulikuwa na tangi la maji la tani 3,000, nalo likanasa 11. Mitambo ya Marekani na ya Muungano wa Kisovieti ikanasa nyingine. Kwa jumla zilikuwa kama 25. Hizo ndizo zilizokamatwa. Zilizopita zilikuwa kama bilioni 10 katika kila sentimita ya mraba ya dunia, yaani kila ukucha, na zilipita kwa sekunde chache. Kwetu sisi Afrika Mashariki ilikuwa saa 4 na dakika 35 asubuhi. Wingu saa hiyo lilikuwa chini ya upeo wetu, kwa hiyo zilitokea ardhini, zikapanda.

"Wewe ulikuwa wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa darasa la kwanza, Tanga. Saa nne na nusu ni mapumziko. Nadhani nilikuwa kwenye foleni ya mihogo ya kukaanga, miguu peku juu ya mchanga, shilingi mkononi.

"Hukusikia chochote?"

"Nilisikia mama wa mihogo anasema zimebaki mbili."

Akarudi kwenye mpira wake.